Kaa la Moto, Kaa wa Pwani

Kuna kaa na kuna kaa. Ukiandika, ni herufi zile zile tatu. Ukisema, mtu wa Mji wa Kale hakosei hata kama ana usingizi. Kaa la moto, la jikoni, latoka kavu. Kaa wa pwani, yule wa magando, atoka na pumzi. Weka kiganja mbele ya mdomo useme, utaihisi ikikupiga. Mimi sikujua kwamba kuna watu hawaisikii hiyo pumzi. Nilidhani masikio ni masikio.

Nyanya yangu alikuwa na ufuta wa aina mbili na hayo ndiyo majina aliyoupa. Ule mweusi ti, kaa la moto. Ule wa rangi ya matofali, kama kaa aliyechemshwa, kaa wa pwani. Lakini nyumbani hakuna aliyejisumbua kusema "la moto" wala "wa pwani". Alisema, "Niletee kaa," nami nikajua ni mkebe upi.

Duka letu la viungo liko chini ya nyumba, kwenye kichochoro ambacho tuktuk ikiingia, mtu ajibanza ukutani. Ufuta wa kuuza ulikuja kwa magunia kama bizari na iliki. Huu wa nyanya haukuuzwa. Kila mwaka aliupanda juu, kwenye sakafu ya dari iliyo wazi kwa jua, ndani ya madebe ya mafuta yaliyokatwa, akavuna konzi mbili tatu za kupanda tena. Mbegu zilitoka shamba la mamake. Shamba liliuzwa zamani, pesa zikaliwa, ikabaki hiyo mikebe miwili. Na katika mikebe miwili, moyo wake ulikuwa kwa kaa wa pwani. Mmea wake hauna matawi, wasimama kama mshumaa, na kila kifundo chatoa vifuko vitatu vya mbegu pale wenziwe watoapo kimoja. Ukizitafuna zile mbegu wapata utamu wa maziwa kwanza, halafu uchungu kidogo wa kukuaga.

Mimi shule niliiacha kidato cha tatu, kwa mdomo. Nilimjibu mwalimu mkuu mbele ya paredi na sikurudi kuomba msamaha. Nilichokijua baadaye nilikijua kwa simu, na kwa vitabu nilivyonunua vimechanika. Nilipenda mambo ya mimea. Hakuna aliyenisikiliza ila nyanya, na nyanya alinisikiliza akichambua mchele.

Ndipo alipokuja yule rafiki yangu.

Alikuwa mtu wa bara, babake alikuja Mombasa kwa kazi ya reli akabaki. Kijana mpole, miwani, viatu safi. Alikuwa akisomea shahada ya pili katika mambo ya mbegu, amepanga chumba Buxton. Alisimama mlangoni mwa duka akasema, "Shikamoo nyanya. Nimesikia una ufuta ambao huuzi."

"Marahaba, mwanangu. Na kisichouzwa wakiulizia cha nini?"

"Si kununua. Nataka kuujua."

"Kuujua? Kuujua nini, ukoo wake?"

"Ndiyo hasa, nyanya. Ukoo wake."

Nyanya akaweka ungo chini. Hakuna mtu aliyewahi kumjibu hivyo.

Rafiki yangu alinieleza mimi baadaye, tumekaa kwenye ngazi za duka, na nilielewa mara moja. Ndani ya kila mbegu kuna maandishi marefu, vinasaba. Mahali fulani pameandikwa rangi, mahali fulani mafuta mengi au machache, mahali fulani kifuko kimoja au vitatu. Hujui ni wapi. Kwa hivyo waoza mimea miwili isiyofanana. Wapata watoto. Watoto wawaacha wazae wenyewe kwa wenyewe, wapata wajukuu waliochanganyika kila namna. Kila mjukuu wampima, rangi, uzito, mafuta, na wamchuma jani liende maabara. Halafu watazama: hawa wote wenye mafuta mengi, ni kipande gani cha maandishi wanachoshirikiana? Hapo ndipo yalipo mafuta. Ukishapajua, umepata ramani. Siku nyingine hungoji miezi mmea ukomae ndipo uujue. Wamsoma angali mche.

Nikamwambia, "Hiyo ni kazi ya kina mama wa hapa. Kijana akija kuposa, wamsoma nasaba yake kabla hajavua viatu."

Akacheka mpaka miwani ikamteleza. Tangu siku hiyo akaniita "profesa". Alinitania, lakini aliniuliza maswali na kuandika majibu. Mtu akiniandika jibu langu, mimi nimekwisha. Ningempigania kwa mawe.

Msimu wa kwanza tuliwaoza hapo juu darini. Ua la ufuta lina umbo la kengele. Jioni, kabla ya siku yake ya kufunguka, ukilivuta taratibu latoka zima pamoja na vile vijiti vya kiume, kikabaki kijiti cha kike peke yake. Wakivisha kipande cha mrija ili nyuki asikitangulie. Asubuhi wamtoa mrija, wampaka unga wa ua la yule mwingine, wamvisha tena. Mirija niliichukua kwa binamu yangu auzaye madafu ufukweni Mama Ngina. Siku ya kwanza alinipa kwa kicheko. Siku ya tano akaniuliza nyie darini mwanywa nini.

"Tunaoza ufuta," nikamwambia.

"Na harusi ni ya nani? Maana namuona bwana harusi ni yule wa miwani, na wewe ndiwe mpishi."

"Chunga ulimi wako."

"Mimi nachunga mirija yangu. Yakhe, huyo akishamaliza atakwenda zake na cheti. Wewe atakuachia madebe."

Niliipiga teke ndoo yake ya barafu, madafu yakabiringika hadi ukutani, watu waliokuja kupunga upepo wakageuka kutazama. Binamu yangu, tumenyonya titi moja. Sikusema naye msimu mzima. Mirija nikaenda kununua dukani, pakiti nzima.

Msimu wa wajukuu, dari haikutosha. Rafiki yangu akakodi kipande cha shamba ng'ambo ya kaskazini. Na hapo ndipo alipoomba mbegu zote za kaa wa pwani. Mkebe ulikuwa umeingiwa na wadudu, na mbegu zilikuwa zimeanza kuzeeka; mwaka ule darini zilikuwa zimeota nusu tu. Alisema tupande mistari ya wazazi watupu kando ya wajukuu, kaa na kaa, ili maabara iwe na wa kulinganisha nao. Tukivuna, nyanya atarudishiwa kilo badala ya konzi. Nyanya akanitazama mimi, hakumtazama yeye.

"Zikipotea hizi hakuna zingine," akasema. "Mamangu yumo humu."

"Mpe, nyanya. Mimi nitajibu."

Akanipa mkebe. Maneno hayo mawili, "mimi nitajibu," nimeyakumbuka kila siku tangu hapo.

Wiki ya kupanda mvua ilitangulia, na rafiki yangu alikuwa safarini, maabara, mji wa mbali. Aliniachia mpango kwenye karatasi: wajukuu katikati, kisha mistari kumi ya mzazi mmoja, kisha kumi ya mwingine. Lakini nusu ya upande ule ilikuwa dimbwi. Kaa wa pwani hapendi maji miguuni. Ikabidi niwapande wazazi kwa kupishana, kila mahali palipoinuka kidogo nikampa yeye, palipolowa nikampa mweusi. Kila nilipomaliza mstari nikamtumia ujumbe wa sauti. "Mstari wa kwanza, kaa. Wa pili, kaa. Wa tatu, kaa tena, hapa pana mchanga. Wa nne, kaa." Mpaka ishirini. Akanijibu, "Shukran sana profesa, kazi safi."

Miche ilipofika kiganja alirudi, akachuma majani yeye mwenyewe. Majani hayana rangi ya kukwambia lolote, yote kijani. Akayatia kwenye bahasha kwa mwandiko wake, kila moja na namba ya mstari, kumi za mzazi huyu, kumi za mzazi yule, akayapeleka.

Majibu yalirudi vifuko vikianza kukauka. Nilimkuta chumbani kwake Buxton kajilaza juu ya magodoro, uso kama mtu aliyefiwa. Maabara imesema kumi hizi na kumi zile za wazazi hazitofautiani. Kaa na kaa ni kitu kimoja. Kama mama na baba hawajulikani, wajukuu wote ni majina matupu, hakuna ramani.

"Haiwezekani," nikasema. "Mmoja mweusi, mmoja mwekundu. Mmoja kifuko kimoja, mmoja vitatu. Lete daftari."

Daftari lake lilikuwa limeandikwa vizuri, kwa rula. Mstari wa kwanza mpaka wa kumi, mzazi wa kwanza. Wa kumi na moja mpaka wa ishirini, mzazi wa pili. Vile vile kama mpango wake. Na kando ya kila mstari, neno moja: kaa, kaa, kaa, kaa.

"Mbona umeandika hivi? Nilikupa mstari kwa mstari."

"Ulinipa. Kaa, kaa, kaa. Nilidhani wasema imekaa. Imeshika, haikuchukuliwa na maji."

Tulitazamana. Nikamshika mkono, nikamwekea kiganja chake mbele ya mdomo wangu. "Kaa," nikasema. "Sasa sikia. Kaa." Akakunja uso. Nikarudia. Mara ya sita hivi akasema, "Hii ina upepo." Akaanza kucheka, nami nikacheka, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu akaacha kucheka kabla yangu.

"Mwalimu wangu akijua kwamba niliandika kwa kudhani, nimekwisha," akasema. "Usimwambie mtu, profesa. Hata nyanya. Nitarekebisha mwenyewe."

"Sauti zangu ziko kwenye simu. Tukae siku moja, nikuandikie upya kila mstari, maabara ipange tena."

"Zangu nilizifuta, simu ilijaa. Lakini tutakaa. Baadaye. Na kuvuna niachie mimi, wewe umechoka."

Niliona ni huruma. Nilimwambia nyanya kila kitu kiko sawa. Sikuwahi kumdanganya nyanya, hata ile habari ya shule nilimwambia nikiwa bado na vumbi la paredi. Nilimdanganya kwa ajili ya rafiki yangu.

Wiki mbili baadaye akaja na mwalimu wake. Mama mmoja wa makamo, mkali wa macho, kajifunga leso juu ya sketi kwa heshima ya nyumba. Nyanya akawaweka sebuleni juu, akatia chai ya tangawizi na mahamri. Mwalimu alishukuru, akapanguza vidole, akasema amekuja kuelewa kosa limeingilia wapi, maana pesa za kurudia shamba hakuna.

Rafiki yangu akaweka kikombe chini. Akasema, kwa sauti ile ile ya upole, "Ni tatizo la lugha, mwalimu. Hapa wana maneno mawili." Akainua kiganja chake mbele ya mdomo wake. "Kaa," akasema. "Na kaa."

Alisema sawasawa. Yule wa pili alitoka na pumzi yake yote, kama mtoto wa kichochoroni kwetu.

"Sasa kijana huyu," akanionyesha kwa kidevu, "ndiye aliyepanda na kuandika vibandiko. Hakusoma sana. Hakujua kuyatofautisha kwenye karatasi. Mimi nilimwamini, hilo ndilo kosa langu."

Nyanya akanigeukia. Alingoja tu, akinitazama kwa yale mato yake, nijibu. Kwa sababu nilisema nitajibu.

Watu wanaonijua watafikiri nilipindua sinia. Sikupindua. Nilimtazama yeye, nikingoja acheke, aseme ni mzaha, profesa. Alikuwa akitazama mahamri.

Nikatoa simu. Nikatafuta mpaka wiki ya mvua. Nikaibonyeza, nikaiweka katikati ya meza. Sauti yangu ikatoka na mvua nyuma yake: "Mstari wa kwanza, kaa."

"Wa pwani," nyanya akasema, kama mtu aliyeulizwa.

"Wa pili, kaa."

"La moto."

Mwalimu akamtazama nyanya, akanitazama mimi, akafungua mkoba akatoa kalamu. Hatukuzungumza jambo jingine. Mistari ishirini, mara mbili, na nyanya hakubadili hata mmoja. Mwalimu aliandika P na M, pwani na moto. Alipomaliza akauliza, bila kuinua kichwa, "Na bahasha za majani zina mwandiko wa nani?"

Rafiki yangu akazungusha kikombe chake.

"Nakuuliza wewe, kijana wa Buxton."

"Wangu," akasema.

"Basi maabara wana namba za mistari. Itapangika upya. Ramani yaweza kupatikana." Akanigeukia. "Nikupe shukrani zangu. Nitakuja kunakili sauti hizo."

Ningefurahi, labda, siku nyingine. Lakini nyanya alikuwa ameshainuka. "Mumeshamaliza yenu," akasema. "Sasa mbegu zangu ziwapi?"

Rafiki yangu akashuka, akarudi na mfuko mmoja mkubwa kutoka kwenye gari. Ulikuwa mzito, umefungwa vizuri. Nyanya akaufungua, akatia mkono. Mbegu nyekundu, nyingi, kilo kadhaa, kama alivyoahidi. Akazipitisha vidoleni, akatafuna chache. Akatafuna zingine. Akaniita nije karibu, "Ndoo hapa. Tafuna."

Nikatafuna. Moja ilikuwa yeye. Ya pili haikuwa. Ya tatu ilikuwa chungu tangu mwanzo. Nikaelewa, na mwalimu akaelewa nyuma yangu kidogo. Mle shambani wajukuu wengi pia walizaa mbegu nyekundu. Rangi walirithi, mengine yote hawakurithi. Mistari ya wazazi ilipokomaa ilijionyesha wazi, nyekundu, nyeusi, nyeusi, nyekundu, kinyume cha daftari lake kwa macho ya mtu yeyote. Ndiyo maana alitaka kuvuna peke yake. Alichukua nyekundu zote, za mzazi na za wajukuu, akazimwaga mfuko mmoja, na nyeusi zote mfuko mwingine, ili mistari isisomeke tena.

"Ulizichanganya," nikamwambia. Ndilo neno pekee nililomwambia siku hiyo.

"Nilitaka kueleza kwanza," akasema. "Nilidhani nitazitenga baadaye."

"Wewe wadhani sana, mwanangu," nyanya akasema, akafunga mfuko.

Ramani ya rafiki yangu ikapatikana. Nilisikia kwa mwalimu, aliyekuja kweli kunakili sauti. Aliniambia mahali pa rangi pamejulikana, na mahali pa mafuta karibu pamejulikana, na kwamba bila ile simu yote yangekuwa takataka. Alisema kwa wema. Nilimwitikia kwa adabu, nikampa na iliki ya bure. Alipotoka nilipiga mlango wa stoo mpaka bawaba ikang'oka, na nikakaa siku nzima nikiirekebisha. Sauti yangu iliokoa kazi ya rafiki yangu. Mbegu za mama wa nyanya haikuziokoa. Angekaa nami siku moja tu pale Buxton, angeyapata yote mawili.

Binamu yangu nilimwendea mwenyewe. Nilisimama mbele ya rukwama yake, nikasema nimekuja kulipa ndoo. Akakata dafu, akanipa bila mrija. "Kunywa kwa mdomo," akasema. "Mirija yote umeimaliza harusini."

Mwaka huu tumepanda kutoka ule mfuko. Madebe yote, na mabeseni, na sinki moja bovu. Kila asubuhi napanda juu kabla ya kufungua duka, nahesabu vifundo. Mche wenye matawi, nang'oa. Wenye kifuko kimoja, nang'oa. Sehemu kubwa nimeng'oa. Wengine wanakudanganya, vifundo vya chini vitatu, vya juu kimoja, nao nawang'oa pia, na hao ndio hunitia hasira zaidi. Iliyosimama kama mshumaa, vitatu kila kifundo mpaka juu, imebaki michache sana, nimeifunga uzi mwekundu.

Juzi mmoja ulikauka wa kwanza. Nyanya alipanda ngazi polepole, akapasua kifuko, akatia mbegu mdomoni, akafumba macho. Nilingoja kuliko nilivyowahi kungoja kitu.

"Ni nduguye," akasema. "Siye mwenyewe. Panda tena."

Rafiki yangu alinitumia ujumbe wa sauti wiki iliyopita, wa kwanza tangu siku ile. Anaomba radhi kwa maneno mengi, ana kazi sasa, anauliza afya ya nyanya. Na mwishoni anauliza, "Na kaa je, ameota?" Kalisema sawasawa, na pumzi yake ndani. Nimeusikiliza mara nyingi. Sijaufuta na sijaujibu.